WANA WAKO WAPI? HABARI ZA WENYE VIWANDA VYA PIANO

Najua wengi wenu mkilifungua gazeti letu la chama huwa mwatafuta kwanza mashairi, kisha vichekesho, kisha picha za safari ya Mombasa. Makala kama haya huwekwa kando hadi siku ya mvua. Basi na iwe ya mvua, ingawa huku kwetu Ukambani mvua haiji kwa kuitwa.

Kisa chenyewe chaanzia kanisani kwetu. Pembeni, karibu na mlango wa sakristia, pana piano kuukuu iliyoachwa na wamishonari. Susu yangu, yaani nyanya, asema aliikuta pale alipokuwa msichana mdogo, na kila Jumamosi alikuwa akipewa kijiko kimoja cha sukari kwa kuipangusa vumbi. Mwenyewe hajapata kuicheza. Alikatazwa. Ila hadi leo akipita karibu nayo huipapasa kifuniko kwa kiganja, kama mtu anayepima kama mtoto ana homa.

Kwa wale ambao hawajaiona, piano si kile kinanda cha umeme ambacho kwaya hukibeba kwenye mkoba. Ni sanduku kubwa la mbao, na ndani yake mna fremu ya chuma kizito na nyuzi za chuma zaidi ya 200. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukikibonyeza kimoja, nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa huruka na kuugonga uzi, kisha hurudi mahali pake kabla hujapepesa jicho. Nyuzi hizo zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayokaribia tani 20. Ndiyo sababu lazima pawe na fremu ya chuma, la sivyo sanduku lingejikunja kama kiti cha turubali.

Chuma hicho ndicho kilicholeta maneno. Mwaka jana, mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuja na mkokoteni wake, akachungulia ndani ya piano, akataja bei. Haikuwa bei kubwa, lakini kwaya walikuwa wanatafuta pesa za spika, na bei yoyote kwa mtu anayetafuta spika ni bei nzuri. Kamati ikagawanyika nusu kwa nusu. Wazee wengine walisema, "Kitu kisicholia ni cha kazi gani?" Susu, ambaye hata si mwanakamati, alisimama nyuma akasema kwamba hata yeye siku hizi halii vizuri, je, naye auzwe? Watu walicheka, na mkutano ukaahirishwa.

Fundi akaitwa kutoka Machakos. Alifungua, akatazama, akahesabu. Nyundo tisa zimeoza, vibonyezo vinne havipo, panya wameishi mle vizazi kadhaa. Akasema tungeweza kupata vipuri iwapo tungewaandikia walioiunda. Macho yote yakanigeukia mimi, maana mimi ndiye katibu wa Chama cha Kiswahili shuleni na inaaminika kwamba katibu hujua kuandika barua yoyote ile. Nikainama nikasoma maandishi ya dhahabu juu ya vibonyezo. Sehemu ya mbele ilikuwa imefutika kwa kupanguswa (Susu alikaa kimya hapo). Yaliyobaki yalisomeka hivi: "& SONS, LONDON". Yaani, "na Wanawe, London".

Nikajiambia, kazi rahisi hiyo, nitawaandikia hao Wana. Kumbe!

Nilichogundua katika miezi miwili ya kusoma ni kwamba Wana hawako. Zamani London ilikuwa na karakana za piano kwa mamia, hasa upande wa Camden Town. Kampuni ya Broadwood, ambayo asili yake ni mwaka 1728, ilikuwa maarufu hata kabla watu wa huku hawajamwona mmishonari wa kwanza. Leo karibu zote zimekwisha. Kiwanda kikubwa cha mwisho katika Uingereza kilikuwa cha Kemble, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1911 na baadaye ikahamia mji wa Milton Keynes. Nacho kilifungwa mwaka 2009. Na aliyekifunga hakuwa Mwingereza, bali Yamaha wa Japani, kwa maana Yamaha ndiye aliyekuwa mwenye kampuni wakati huo. Kazi ilihamishiwa Asia.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Sikutaka tena kujua anwani. Nilitaka kujua ni nani hasa humiliki kampuni hizi ambazo majina yake ni ya baba na wanawe, na wana hao waliuza kwa nini.

Hebu nieleze jambo la hisa kwanza, kwa mfano wa nyumbani. Mzee ana shamba la ekari 20 kule Mutomo, na wana watano. Akifa, wanagawana ekari nne nne. Wana wa wana wakigawana, kila mmoja ana kipande cha kuanika ndengu tu. Kampuni haikatwi vipande kwa ua wa miiba, hukatwa kwa karatasi. Kila karatasi ni hisa. Kiwanda hubaki kimoja, lakini wenye karatasi huongezeka kila kizazi: mmoja anakijua kiwanda, mwingine ni daktari mji wa mbali, wa tatu anataka pesa zake leo. Wakikubaliana wengi kuuza, kiwanda huuzwa, hata kama yule mmoja analia.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni la piano peke yake. Piano bora ina sehemu zaidi ya 12,000 na huchukua karibu mwaka mzima kuundwa, mbali na muda wa kuikausha mbao. Mwaka wote huo mwenye kiwanda analipa mishahara na hajauza kitu. Ni kama kupanda mwembe na kulipa vibarua hadi uzae. Halafu, akishaiuza, mnunuzi harudi. Piano hudumu miaka 80, na ikitunzwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mshindani mkubwa wa piano mpya ni piano kuukuu ya kampuni hiyo hiyo! Muuza sabuni hana shida hii. Mtu anayeunda kitu kisichoharibika hujiharibia soko mwenyewe.

Tuichukue kampuni mashuhuri kuliko zote, Steinway & Sons. Hao nao ni "na Wanawe". Baba aliitwa Heinrich Steinweg, seremala wa Seesen, Ujerumani, na yasimuliwa kwamba piano yake kubwa ya kwanza aliiundia jikoni mwaka 1836. Alihamia Marekani mwaka 1850 pamoja na jamaa yake, na mwaka 1853 wakaanzisha kampuni jijini New York, jina likageuzwa kidogo lipendeze masikio ya Kiingereza. Mwaka 1880 wakafungua kiwanda kingine Hamburg. Kwa zaidi ya miaka mia moja kampuni ilibaki mikononi mwa ukoo.

Kisha yakatokea yale ya shamba la Mutomo. Wenye hisa walikuwa wengi, faida ilikuwa ndogo, na piano za Japani zilikuwa zinaingia Marekani kwa bei nafuu. Mwaka 1972 ukoo uliuza kila kitu kwa CBS. Ndiyo, CBS ile ya televisheni. Malipo yao hayakuwa noti bali hisa za CBS. Mmoja wa ukoo, Henry Steinway, alibaki kuwa rais wa kampuni hadi mwaka 1977, yaani alikuwa mwajiriwa katika nyumba ya babu zake. Mambo kama haya hayaandikwi juu ya kifuniko cha piano.

CBS nao walichoka, wakauza mwaka 1985 kwa kundi la wafanyabiashara wa Boston waliongozwa na ndugu wawili. Hao waliuza mwaka 1995 kwa kampuni ya Selmer, watengenezaji wa tarumbeta na saksafoni, kwa bei iliyokaribia dola milioni 100. Mwaka uliofuata, 1996, kampuni ya pamoja ikaingia soko la hisa la New York, na alama waliyojichagulia ilikuwa LVB, herufi za kwanza za jina la mtunzi Ludwig van Beethoven. Kwa muda wa miaka 17 mtu yeyote mwenye dola chache angeweza kujinunulia kijipande cha Steinway, hata Mkamba.

Mwaka 2013 uliibadilisha tena. Kwanza waliuza jumba lao la maonyesho, Steinway Hall, lililokuwa barabara ya 57 jijini New York, kwa takriban dola milioni 46. Baadaye mwaka huo huo kampuni ya Kohlberg ilitaka kununua kila hisa kwa dola 35. Kabla mkataba haujakauka wino, akaja tajiri John Paulson akasema dola 40, na akaichukua yote kwa takriban dola milioni 512. Paulson si fundi wala si mwanamuziki. Mali yake iliongezeka sana mwaka 2007 kwa kubahatisha kwamba mikopo ya nyumba ya Marekani ingeporomoka, na ikaporomoka kweli. Kwa hivyo piano inayosemekana kuwa bora duniani ilinunuliwa kwa pesa za watu kushindwa kulipia nyumba. Silaumu, nasimulia tu. Mwaka 2022 kampuni iliomba kurudi soko la hisa, kisha ikabadili nia.

Tazama sasa, msomaji: wenye mali wamebadilika mara nne tangu mwaka 1972, lakini jina juu ya kifuniko ni lile lile, "na Wanawe". Wanunuzi hawakununua tu mbao na chuma, walinunua hilo jina. Jina ndilo mali, na ndilo lisilooza. Ndiyo maana kampuni ikifa, jina lake hununuliwa na kuwekwa juu ya piano iliyoundwa nchi nyingine kabisa.

Kisa kilichonishangaza zaidi ni cha Baldwin, wa mji wa Cincinnati. Bwana Dwight Hamilton Baldwin alikuwa mwalimu wa muziki aliyeanza kuuza piano mwaka 1862. Piano ni ghali, kwa hiyo Baldwin waliwauzia watu kwa mtindo wa lipa pole pole. Mtindo huo una siri moja: muuzaji anapata faida ya piano, na tena anapata riba ya mkopo. Miaka ikapita, wakubwa wa kampuni wakaona mbona riba ni tamu kuliko muziki. Kuanzia miaka ya 1960 wakanunua benki, kisha kampuni za bima, moja baada ya nyingine, na nyingi walinunua kwa pesa za kukopa. Jina likawa Baldwin-United. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 piano zilikuwa sehemu ndogo mno ya mapato yao, kama chumvi katika sufuria ya isyo.

Mwaka 1982 walinunua kampuni nyingine kubwa ya bima kwa zaidi ya dola bilioni moja. Madeni yakaiva yote kwa pamoja. Mwezi wa Septemba 1983 Baldwin-United ilifilisika, na kufikia siku hiyo hakuna kampuni nyingine katika Marekani iliyokuwa imefilisika kwa kishindo kama hicho. Wakati huo karakana za piano zenyewe zilikuwa bado zinafanya kazi. Nyundo zilikuwa zinavikwa sufu kama kawaida! Mwaka 1984 mameneja wa upande wa piano waliununua upande huo, ukatoka hai. Lakini mwaka 2001 nao ukafilisika, ukanunuliwa na Gibson, waunda magitaa. Na Gibson mwenyewe aliingia mahakama ya ufilisi mwaka 2018. Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Biashara alisema atanitumia katika somo la mikopo. Sijui kama alitania.

Ujerumani na Austria nitapita haraka kidogo. Bechstein wa Berlin, aliyeanza mwaka ule ule wa 1853, alijenga ukumbi wa muziki London mwaka 1901. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, Bechstein akawa adui kwa kuwa ni Mjerumani. Mali yake ikatwaliwa na serikali ya Uingereza, na mwaka 1916 ukumbi, karakana na piano zote zikauzwa mnadani kwa pauni 56,500 kwa wenye duka la Debenhams. Ukumbi upo hadi leo, jina ni Wigmore Hall, na wengi wanaoingia hawajui ulikuwa duka la nani. Mwaka 1963 kampuni hiyo ilinunuliwa na, nani? Baldwin yule yule. Blüthner wa Leipzig, naye wa 1853, hakuuza. Alinyang'anywa. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikitaifisha kiwanda mwaka 1972, na ukoo ukarudishiwa mwaka 1990 baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Huyu ndiye pekee niliyemkuta ambaye wana walirudi nyumbani.

Bösendorfer wa Vienna, wa tangu mwaka 1828, alipita kwa Kimball wa Marekani mwaka 1966, kisha kwa benki moja ya Austria mwaka 2002, kisha mwaka 2008 kwa Yamaha. Haundi hata piano 500 kwa mwaka. Waaustria wengi hawakufurahi, lakini benki ilikuwa na shida zake na Yamaha alikuwa na pesa.

Huyo Yamaha ametajwa mara kadhaa sasa, na najua wewe unafikiria pikipiki. Ndiyo, ni jamaa moja. Torakusu Yamaha alikuwa fundi wa kurekebisha vyombo mbalimbali mjini Hamamatsu. Mwaka 1887 shule ya msingi ya hapo ilikuwa na kinanda cha upepo kilichoharibika, kilichotoka ng'ambo, na hapakuwa na mtu wa kukitengeneza. Akaitwa. Alipokifungua aliona kwamba hata yeye angeweza kuunda kama hicho. Akaunda, na pamoja na mwenzake Kisaburo Kawai wakakitundika kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, kama tunavyobeba mgonjwa, wakakipeleka kwa miguu kuvuka milima ya Hakone hadi Tokyo, kilomita 250 hivi. Wataalamu wa muziki walikipima wakasema umbo zuri, sauti mbovu. Akabaki huko akasoma elimu ya sauti, akarudi akaunda cha pili, kikakubaliwa. Mwaka 1897 akaunda kampuni ya hisa, na mwaka 1900 piano ya kwanza ikatoka. Pikipiki zilikuja baadaye sana, na mwaka 1955 zikatengwa kuwa kampuni yake. Itazame alama ya Yamaha siku utakapoiona: ni uma tatu za kupimia sauti zilizopishana. Kaka yangu ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda alinibishia hadi nikamwonyesha.

Wachina nao wamefika. Kampuni ya Pearl River ya Guangzhou, iliyoanzishwa mwaka 1956, huunda piano nyingi mno, na mwaka 2016 ilinunua sehemu kubwa ya Schimmel, kampuni ya Kijerumani ya tangu mwaka 1885. Mwenye hisa nyingi za Pearl River ni serikali ya mji wa Guangzhou. Usishangae. Kiwanda cha maembe cha Kalamba kule Makueni kilijengwa na kaunti, na kile cha nguo cha Syongila hapa Kitui vilevile. Tofauti ni kwamba mji wa Guangzhou umevuka bahari kununua cha mwenzake.

Nilikuwa nimefika hapo nilipodhani nimemaliza. Kisha fundi akarudi mara ya pili, akaniita. Akaniambia nitazame kibonyezo cheupe kwa karibu sana. Nikaona msitari mwembamba kama unywele mahali ambapo sehemu pana inaungana na sehemu nyembamba, na juani nikaona michirizi iliyopinda ndani ya weupe wake, ambao kwa kweli ni unjano. "Hii si plastiki," akasema. "Hii ni ndovu."

Ndugu zangu wa Kitui, mko hapo? Nadhani mwajua habari za Kivoi. Huyu alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa hapa Kitui, na ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849. Ilikuwa hapa Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na mto Tana wakiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo. Hayo tunafundishwa. Jambo ambalo huwa hatulikazii ni biashara yenyewe ya Kivoi: pembe za ndovu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyopeleka pembe kutoka bara hadi Mombasa, wabebaji kwa mamia, wakipita nyika ambayo leo ni Kibwezi na Tsavo. Baadaye misafara ya watu wa pwani iliingia bara yenyewe, na Mkamba akapoteza nafasi ya kati.

Pembe zilienda wapi? Nyingi zilipitia Unguja. Na wanunuzi wakubwa Unguja walikuwa Wamarekani. Katika jimbo la Connecticut kuna vijiji viwili jirani, Deep River na kingine ambacho kilipewa jina Ivoryton, maana yake mji wa pembe, kwa sababu ya kiwanda cha Comstock, Cheney & Co. Kule Deep River palikuwa na Pratt, Read & Co. Hao hawakuunda piano. Waliunda vibonyezo, wakawauzia waunda piano. Mmoja wa akina Cheney, jina George, aliishi Unguja kwa miaka mingi akinunua pembe. Pembe ilikatwa vipande vyembamba kama ukucha, kisha ikaanikwa miezi kadhaa ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua liing'arishe. Pembe moja kubwa ilitosha vinanda makumi kadhaa.

Mwaka 1909 viwanda vya Marekani viliunda piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka mmoja tu. Zidisha hizo kwa vibonyezo 52 vyeupe, halafu fikiria ndovu. Kisha zikaja gramafoni, redio, na anguko la uchumi la 1929. Kufikia mwaka 1932 piano zilizoundwa hazikufika hata 50,000. Zile kampuni mbili za vibonyezo, zilizoshindana kwa miongo mingi, ikabidi ziungane mwaka 1936 zisife. Katika miaka ya 1950 Steinway wa Marekani waliachana na pembe, wakatumia plastiki. Kwa hiyo ndovu waliopona, sehemu fulani walipona kwa sababu watu walikosa pesa za kununua piano. Ajabu ya Mungu.

Sitaki uelewe kwamba nasema vibonyezo vya kanisani kwetu ni vya pembe za Kivoi. Piano yetu si ya kale hivyo, na hakuna awezaye kujua ndovu yule alikufa wapi. Lakini njia ilikuwa ile ile. Kitu kilichoondoka huku kichwani mwa mbebaji kilirudi kwa meli na gari moshi kikiwa kimenyooshwa, kimeng'arishwa, na kina jina la Wana wa London juu yake. Tukaambiwa tusikiguse.

Habari hii ya ndovu ilibadilisha mambo kanisani, si kidogo. Mnunuzi wa vyuma aliposikia, akarudi mara moja, na safari hii hakutaja fremu. Alisema yuko tayari kubandua vile vyeupe tu, na bei ilikuwa imepanda mara tano. Baadhi ya wanakwaya macho yakawaka. Hapo nikaomba ruhusa ya kusema, na magoti yalikuwa yanatetemeka kama majani ya mbaazi. Nikawaeleza kwamba tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuuza pembe, na hata kuwa nayo bila kibali, na adhabu yake ni faini nzito au kifungo cha miaka. Mzee mwenyekiti aliniuliza, "Mwanangu, unataka kusema kanisa limekuwa likitenda jinai tangu mkoloni?" Nikasema sijui, mzee, lakini tukiuza tutakuwa tumetenda kwa hakika.

Kukawa kimya. Kisha Susu akasema kutoka nyuma kwamba yeye mwenyewe alipewa kijiko cha sukari kuvilinda, na hajaambiwa aache.

Basi iliamuliwa hivi. Piano haiuzwi, wala chuma wala vibonyezo. Barua niliyotumwa kuandika sikuwaandikia Wana wa London, niliwaandikia watu wa wanyamapori, kueleza kitu tulicho nacho na kuuliza kibali hupatikanaje. Nakala ninayo, na jibu twangoja. Kwaya walifanya harambee ya spika, zikapatikana, ingawa moja inakoroma.

Kuhusu vipuri, fundi alivika nyundo zile tisa kwa sufu aliyokata kutoka kofia kuukuu. Vibonyezo vinne vilivyopotea vilichongwa na seremala wetu kwa mti wa mukau, ule ambao mchwa huuogopa, akavipaka rangi nyeupe. Viwili vinafanya kazi sawasawa. Cha tatu hukwama wakati wa masika. Cha nne kiko upande wa kushoto kabisa, kwenye sauti nzito, na rangi yake imeanza kutoka kwa sababu kuna mtu hukipangusa kila Jumamosi.